Je, Wajua? Kilo Zinazopotea Huenda Wapi

Siku hizi ukiamka alfajiri Moshi mjini utawakuta mtaa wa Shanty Town, chini ya miti ile mikubwa: watu wazima na raba zao, wanatembea haraka haraka kabla jua halijapanda, wengine wakiwa na daftari la kilo walizokwisha kushusha. Kwao, na kwa kila aliyewahi kuikanyaga mizani akiwa na matumaini, tumekusanya mambo ya ajabu yanayotokea mwili unapopungua sana. Mengine yatakufurahisha. Mengine yatakueleza kwa nini safari hii huchosha hata roho.

Mafuta hutokea puani

Ukipunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 kati yake zitatoka kwa pumzi! Hazigeuki misuli wala haziishii chooni. Mapafu huzitoa zikiwa kaboni dioksidi, hewa usiyoiona, na kilo 1.6 zilizobaki huwa maji yanayotoka kwa mkojo, jasho, machozi na mvuke wa pumzi. Hesabu hii ilichapishwa Desemba 2014 katika jarida la BMJ na Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia. Walipowauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi mafuta huenda wapi, wengi walijibu kwamba hugeuka joto au nguvu. Kumbe ili kuziteketeza kilo hizo 10, mwili huvuta kilo 29 za oksijeni.

Usidhani basi kuhema makusudi kutakupunguza. Utapata kizunguzungu tu. Kinachohitajika ni mwili kuyatumia mafuta kwanza, ndipo mapafu yapate cha kutoa.

Kitambi cha mjini chaweza kuwa mgomba wa Kibosho

Hewa hiyo ikishatoka haipotei. Mimea huivuta na kuijengea majani, mashina na matunda, kwa hiyo chembe za kaboni zilizokuwa kiunoni mwa mtu mwaka huu zinaweza kuwa ndani ya mkungu wa ndizi mwakani. Na ziko wapi bustani za kuipokea kama vihamba vya Wachagga, ambako migomba, kahawa na miti mirefu hukua ghorofa juu ya ghorofa katika shamba moja? Kihamba cha Shimbwe Juu, juu ya mji wa Moshi, kimo katika orodha ya FAO ya urithi wa kilimo duniani.

Kilo 5 zako, kilo 20 za goti

Kila kilo moja unayoshusha hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Haya yalipimwa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005, kwa watu wanene wenye maumivu ya magoti. Sasa fikiria wapagazi wetu wa Kilimanjaro, wagumu wale: mzigo wao hupimwa getini, na mwisho ni kilo 20. Aliyepunguza kilo 5 tu amelitua goti lake mzigo mzima wa mpagazi, na amelitua kwa kila hatua anayopiga kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Ndiyo maana wengi husema kitu cha kwanza walichokihisi hakikuwa nguo kulegea, bali ngazi kuwa fupi.

Chembe za mafuta hazifi njaa

Unapopungua, idadi ya chembe zinazohifadhi mafuta haipungui. Zinasinyaa tu na kubaki zikisubiri. Wanasayansi wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walilionyesha hili mwaka 2008, tena hata kwa watu waliokuwa wamepungua sana baada ya upasuaji wa tumbo. Takribani chembe 10 katika kila 100 hufa kila mwaka, na mpya huzaliwa kushika nafasi zao, kwa mtu mnene na mwembamba vilevile.

Walijuaje umri wa chembe? Hapo ndipo pa kustaajabisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalirusha angani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye mimea, ikaliwa, ikakaa miilini mwa watu wa dunia nzima. Kiasi chake ndani ya chembe huonyesha mwaka ilipozaliwa.

Mlima hunyang'anya hamu ya kula

Waongoza watalii wa Marangu wanaijua hali hii bila kusoma jarida lolote: mgeni aliyekula sahani mbili getini hufika kituo cha Horombo, mita 3,720, akaanza kuuzungusha wali kwa kijiko. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wanaume 20 wanene waliokaa wiki moja kwenye mlima Zugspitze, mita 2,650, karibu sawa na kituo chetu cha Mandara. Walikula walivyotaka na hawakupewa mazoezi yoyote zaidi ya kutembea polepole. Walishuka wakiwa wamepungua kilo 1.5 kwa wastani, na homoni ya shibe iitwayo leptini ilikuwa imepanda.

Mwaka 1985 wanaume wengine walifungiwa siku 40 katika chumba kilichopunguzwa hewa kidogo kidogo mpaka ikafanana na ya kilele cha Everest. Chakula kilikuwa tele, lakini walikiacha, wakapungua zaidi ya kilo 7. Hata hivyo kilo za mlimani si za kujivunia sana, kwa kuwa sehemu yake ni maji na misuli.

Baridi, nywele na kiti kigumu

Aliyepungua sana huvaa sweta wakati wenzake wanajipepea. Tabaka lililomkinga limepungua, na mwili wenyewe umepunguza moto wake ili kubana matumizi. Juni na Julai, ukungu unapoushukia Moshi, ataomba blanketi la pili. Miezi miwili au mitatu baada ya kupungua kwa kasi, nywele huanza kubaki kwenye kitana kwa mafungu. Hili huwatisha wengi kuliko njaa yenyewe, lakini kwa kawaida huota tena baada ya miezi kadhaa. Mabenchi nayo huanza kuumiza, kwa sababu mifupa ya makalio imekosa mto wake. Pete huponyoka kidoleni. Viatu hupwaya, maana hata mguu ulikuwa umenenepa. Ngozi ndiyo isiyotii: kama ilivutika kwa miaka mingi, nyuzi zake hushindwa kurudi zilikotoka, na mtu hujikuta amefurahia mizani asubuhi kisha akahuzunika mbele ya kioo jioni ileile.

Ubongo hudhani kuna njaa nchini

Mwili wako haujui kwamba umeamua kupungua. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman huko New York, hutolewa na mafuta yenyewe kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, kwa kawaida leptini hushuka, na ubongo hupiga mbiu ya njaa: tafuta chakula, punguza matumizi! Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliopungua, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijatulia.

Kisa cha kushangaza zaidi ni cha washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser. Walipungua kilo 58 kwa wastani katika wiki 30. Kevin Hall na wenzake walipowapima tena miaka 6 baadaye, matokeo yakichapishwa 2016, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zile, na miili yao wakiwa wamepumzika ilitumia kilokalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Wale waliowaita wavivu walikosea kabisa. Watu hawa walikuwa wakishindana na ulinzi wa kale uliowaokoa mababu zetu katika kila ukame.

Wanaume 36 walioota chakula

Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kula nusu shibe kwa wiki 24 ili mtafiti Ancel Keys ajifunze jinsi ya kuwasaidia Wazungu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashtua watafiti kilikuwa moyoni: vijana wachangamfu wakawa wakimya na wepesi wa hasira, wakaacha mizaha, wakakusanya vitabu vya mapishi na kuramba sahani. Kwa hiyo kama jirani yako anayejinyima amekuwa mkali siku hizi, au anazungumzia machalari kutwa nzima, hajabadilika tabia. Ubongo wake unalilia chakula.

Pongezi ziko mjini, minong'ono iko kijijini

Katika mila za Wachagga, mama aliyejifungua alipumzishwa hadi miezi mitatu, akalishwa mtori, maziwa na kitawa, na siku aliyotoka nje mwili wake ulionawiri uliwapa sifa mume na mama mkwe. Mwili mkubwa ulisema nyumba hii ina neema. Kisha ikaja miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Oktoba 1985 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa Uganda, akiwemo David Serwadda, kuhusu ugonjwa ambao wanavijiji wa Rakai walikuwa wameshauita siliimu kwa sababu uliwakondesha watu hadi mifupa.

Kizazi kilichozika ndugu zake miaka ile bado kipo, na hakijasahau. Ndiyo maana mtu aliyeshusha kilo 20 kwa jasho lake mjini, akapanda Rombo au Machame kwa Krismasi pamoja na ukoo mzima, hupokewa na mama mdogo anayemshika mkono, kumvuta pembeni na kumuuliza taratibu, "Mwanangu, unaumwa? Niambie mimi." Wengi husimulia kwamba swali hilo huwauma kuliko matusi ya zamani juu ya unene wao. Nami naliona ni swali la upendo uliochanganyika na hofu ya kweli, linalostahili jibu la upole huku bakuli la mtori likiliwa.

Kichwa huchelewa kupungua

Watu waliopungua sana huendelea kwa miezi, hata miaka, kuona mwili uliokwisha kuondoka. Hupita mlangoni kiubavu ilhali nafasi ni tele. Kwenye mitumba ya soko la Memorial mkono hukimbilia suruali ya kipimo cha zamani, na muuzaji hulazimika kusema, "Dada, hiyo utaogelea." Ubongo huwa na ramani yake ya mwili, iliyochorwa kwa miaka mingi ya kugongana na viti na milango, na haifutiki kwa mwaka mmoja. Huwa kuna huzuni nyingine pia, isiyosemwa sana: watu walewale waliokupita bila salamu sasa wanakuchangamkia, na unajiuliza walikuwa wakimwona nani hapo awali.

Mmarekani aliyeupanda Kilimanjaro kwa miili mitatu

Kara Richardson Whitely alipunguza pauni 120, kama kilo 54, akausherehekea mwili mpya kwa kupanda Kilimanjaro hadi kileleni. Mara ya pili, kilo zikiwa zimeanza kurudi, hakufika, na aibu ikamtupa tena kwenye chakula mpaka akafika kilo 136 hivi. Akaurudia mlima mara ya tatu akiwa na uzito huohuo, bila kusubiri kukonda kwanza, na safari hiyo ndiyo aliyoiandika katika kitabu chake Gorge cha mwaka 2015. Mita 5,895 ni zilezile kwa kila mtu. Anachobeba ndicho tofauti.

Gramu moja yenye nguvu

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupunguza kilo 15, lakini mafuta yanayolemaza kongosho lake yana uzito usiofika hata gramu 1! Timu ya Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, iliyapima mwaka 2015. Katika jaribio la DiRECT, lililotangazwa 2017, karibu nusu ya waliofuata mpango wa kupungua walikuwa hawana tena kiwango cha sukari cha kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa, na kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa 86 katika kila 100. Habari hii inatuhusu: utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa 2016 ulikuta kisukari kwa karibu watu wazima 6 katika kila 100. Anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kuanza kujinyima, kwani sukari yaweza kushuka ghafla.

Wiki mbili za chakula cha bibi

Ukibadili chakula, si mizani tu inayobadilika, damu nayo hubadilika. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro, lililofanywa na watafiti wa KCMC ya Moshi, akiwemo Godfrey Temba, pamoja na wa Radboud, Uholanzi. Wanaume wa vijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, chipsi na mkate mweupe. Wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na ulezi. Kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kwa wiki moja. Kwa waliokula chakula cha kisasa, damu ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani na kinga iliyolegea. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na kwa wanywaji wa mbege pia, dalili hizo zilipungua, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki 4 baada ya jaribio kwisha.