Kombora Huionaje Ndege?

Tarehe 28 Novemba, 2002, ndege ya abiria aina ya Boeing 757, ya shirika la Arkia la Israeli, ilikuwa ikipaa kutoka kiwanja cha Moi, Mombasa, ikiwa na watu 271. Makombora mawili ya jamii ya Strela-2 yalirushwa kuielekea. Yote mawili yaliikosa. Katika makala haya tutailinganisha silaha hiyo, ichukuliwayo begani, na mitambo miwili ya masafa mafupi ichukuliwayo na magari. Tofauti yao kubwa ni namna kila mmoja unavyoitambua shabaha.

Mwanafunzi wa Daudi, wilayani Mbulu, akiota moto usiku wa baridi, huhisi joto shavuni hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu. Joto hilo humfikia kwa miale isiyoonekana kwa macho. Strela-2, iliyoingia katika majeshi ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1968, hufuata miale ya namna hiyo itokayo katika injini ya ndege. Kigunduzi chake hakipoozwi, hivyo huona vema sehemu zenye joto kali tu. Kwa sababu hiyo ndege za jeti hulengwa kutoka nyuma.

Strela-1, ya mwaka huohuo, huchukuliwa na gari la deraya lenye makombora manne. Hii hutambua tofauti baina ya weusi wa ndege na weupe wa anga. Mwewe akiwa juu huonekana dhahiri. Akishuka mbele ya mlima, hupotea machoni. Strela-1 yaweza kuilenga ndege ijayo, lakini usiku haina kazi.

Crotale ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1960, kwa agizo la Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi. Rada yake hupima mahali ilipo ndege, kisha kombora huelekezwa kwa mawimbi ya redio. Giza haliizuii, lakini mawimbi yake yaweza kugunduliwa na kuvurugwa na adui.

Sasa na tupige hesabu. Kombora la Strela-2 lililoboreshwa huenda kiasi cha mita 500 kwa sekunde, na upeo wake ni kilometa 4.2. Tuseme linaifukuza ndege ya vita iendayo mita 250 kwa sekunde, iliyotangulia kilometa 3. Pengo hupungua mita 250 kila sekunde, hivyo zahitajika sekunde 12 na safari ya kilometa 6. Haifikiwi. Lakini ndege ya abiria inayopaa kwa mita 100 kwa sekunde, ikiwa umbali uleule, hufikiwa kwa sekunde 7.5, baada ya kilometa 3.75 tu.

Hapa ndipo ilipo hatari. Silaha iliyo dhaifu kuliko zote tatu mbele ya ndege ya vita ndiyo inayotisha wasafiri, kwa kuwa haihitaji gari wala rada, nayo hufichika kwa urahisi. Si ajabu basi kwamba Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, kuhusu udhibiti wa silaha ndogo na nyepesi, inazihesabu pia silaha za aina hii.

Walimu wawape wanafunzi hesabu hiyo tena, safari hii ndege ikilijia kombora uso kwa uso. Watatambua wenyewe kwa nini wabunifu walihangaikia sana kigunduzi.