Mwongozaji wa Mgonjwa wa Saratani: Kazi na Umuhimu Wake

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa juu ya mpango wa kuwaongoza wagonjwa wa saratani, ambao lengo lake ni kufupisha muda unaopita tangu dalili kuonekana hadi tiba kuanza.

Mpango wa kwanza wa aina hii ulianzishwa mwaka 1990 katika Hospitali ya Harlem, New York, Marekani, na daktari wa upasuaji Harold Freeman. Kati ya wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliotibiwa hapo toka 1964 hadi 1986, ni asilimia 39 tu waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Karibu nusu walifika maradhi yakiwa yamekwishaenea, na wengi wao walikuwa maskini.

Hatua mbili zilichukuliwa. Kwanza, uchunguzi wa matiti ulitolewa bure au kwa malipo madogo. Pili, waliteuliwa waongozaji kutoka miongoni mwa wakaazi wenyewe. Kwa wagonjwa 325 waliotibiwa baina ya 1995 na 2000, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walifikia asilimia 70. Mafanikio hayo yalitokana na hatua zote mbili kwa pamoja.

Mwongozaji hatoi dawa wala hasomi vipimo. Kazi yake ni kujua kinachomzuia mgonjwa, kama vile kukosa nauli, kupotea kwa barua ya rufaa, watoto kukosa mlezi au khofu ya kukatwa kinyama, na kukiondoa kwa kushirikiana na ofisi inayohusika.

Ili mpango ufanikiwe, mambo matatu ni ya lazima:

(a) Kazi ya mwongozaji ianze siku dalili inapogunduliwa, na mwisho wake ujulikane.

(b) Kila mgonjwa aandikwe katika daftari, pamoja na tarehe za vipimo, majibu na tiba.

(c) Mgonjwa anapohamishwa, ajulikane mtumishi anayempokea.

Kwa mkaazi wa Unguja au Pemba anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, sharti hili la tatu lina uzito wa pekee, kwani majibu yanaweza kuwa tayari ng'ambo ilhali mwenyewe yuko kijijini hana khabari.

Mwananchi anayeona uvimbe katika titi anashauriwa afike kituo cha afya bila ya kungojea maumivu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.