Je, Uzito ni Mmoja Kila Mahali?

Wengi wetu hudhani kuwa dunia huvuta vitu kwa nguvu moja kila mahali. Sivyo. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa, Jean Richer, alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa ya timazi iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa huko kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto ulikuwa mdogo zaidi, timazi ikabembea polepole.

Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, dunia huzunguka, na mzunguko huo hupunguza uzito, hasa kwenye ikweta. Pili, dunia imetuna katikati: aliye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko aliye kwenye ncha, kwa kilomita 21 hivi.

Je, tupimeje dhahabu kwa haki? Mizani ya springi iliyosawazishwa kwenye ncha, ikipelekwa ikweta, itaonyesha pungufu ya gramu 5 hivi kwa kila kilo. Mizani ya vitanga viwili haibadiliki, kwani mvuto hupungua sawa pande zote mbili. Basi tukumbuke: mizani ya springi isawazishwe pale pale inapotumika, asije mtu akapunjwa.