Utangulizi: Mama Yake Nani?

Elimu unayoiingia, ya wanawake na nasaba, ina swali moja linalorudi kila mara: mama yake nani? Vitabu vya njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, vimejaa majina ya masultani, watemi na matajiri wa pembe za ndovu. Hapa tunawatazama wanawake wa nyumba zao, kwa kuwa vyeo na mali nyingi vilipita kwao.

Tuanzie Unguja, zilikokwenda pembe za Unyamwezi. Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Unguja, alipofariki mwaka 1856, mkewe wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, hakuwa amemzalia mtoto. Watoto aliowaacha walikuwa wa masuria, wakiwamo Wacherkasi na Wahabeshi. Suria alikuwa mjakazi. Hata hivyo, kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyemzalia bwana wake alikuwa muungwana mwenye fungu kamili la urithi, na mama mwenyewe akawa huru bwana akifa. Ndiyo maana Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote wana wa masuria, walikikalia kiti cha Unguja kwa kufuatana. Dada yao Salme, binti wa Mcherkasi Jilfidan, alirithi mashamba kutoka kwa baba yake, na kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 zimetufungulia milango ya majumba hayo.

Sasa njoo huku kwetu Tabora. Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo mfanyabiashara mgeni akawa mkwe wa ikulu. Karunde hakuwa suria, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa somo letu. Suria aliingia jumbani peke yake, hana baba wala mjomba wa kumsemea. Tegemeo lake kubwa lilikuwa mtoto wake. Karunde aliingia akiwa na ukoo mzima nyuma yake. Suria alijenga nasaba ya bwana wake kwa uzazi, Karunde alimpa mumewe nasaba ya kwao.

Hatuna budi kuwa waangalifu. Hariri na dhahabu za jumbani zisitusahaulishe kwamba suria hakuulizwa kama anataka kuja. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, wakasubiri hadi mwaka 1909. Anayeandika habari za nguvu zao bila kuandika habari za kununuliwa kwao ameandika nusu tu.

Kazi yetu basi ni kusoma hati za mirathi na za wakfu, kuzilinganisha na maandishi ya wasafiri, kisha kukaa na wazee na kusikiliza. Wazee wanakumbuka mengi ambayo karani hakuyaandika. Ukimaliza kusoma, nenda kwa bibi yako ukamuulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, walitoka wapi na waliacha nini. Yaandike leo, angali yupo wa kukuambia.

Mtendeni, Tabora