Kiendeshi cha Mota ya Servo: Umeme Unavyofundishwa Kutii

Mota ya servo isiyo na brashi ni mota ya umeme inayoamriwa kufika mahali fulani, kwa kasi fulani, na kutulia hapo bila kuyumba, nayo ndiyo husogeza mikono ya roboti na meza za mashine za kuchongea chuma. Katika mota ya zamani, vipande vya kaboni viitwavyo brashi husuguana na sehemu inayozunguka ili kugeuza mwelekeo wa mkondo. Katika mota hii brashi zimeondolewa, sumaku zimewekwa kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka, na koili za shaba kwenye stata, yaani sehemu iliyotulia. Kazi ya kugeuza mkondo huachiwa saketi ya elektroniki, ambayo ndiyo kiendeshi.

Mji wa Likasi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, una sababu yake ya kulijali jambo hili. Katika kiwanda cha Shituru cha kampuni ya madini ya Gécamines, mkondo geu hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kisha hupitishwa katika matangi ya asidi hadi shaba safi ikajishikiza kwenye mabamba ya kathodi. Kiendeshi hufanya safari hiyo kwenda na kurudi, kwani hunyoosha mkondo unaotoka ukutani, huutuliza katika kapasita, kisha huukatakata upya kuwa mikondo mitatu inayopishana kwa theluthi moja ya mzunguko.

Hata historia ya sumaku za mota hizi imepita Katanga. Vita vya Shaba (Shaba lilikuwa jina la Katanga wakati huo) vilivyoukumba mji wa Kolwezi mwaka 1978 vilipandisha ghafla bei ya kobalti, ambayo ilihitajiwa katika sumaku bora za samari na kobalti, na watafiti wakasukumwa kutafuta sumaku isiyoitegemea. Mwaka 1983, Masato Sagawa wa Japani na watafiti wa General Motors wa Marekani walitangaza, kila upande kwa njia yake, sumaku ya neodimi, chuma na boroni, ambayo leo imo katika mota nyingi za servo.

Moyo wa kiendeshi ni transista sita zilizopangwa mbili mbili katika nguzo tatu, ya juu ikishika upande chanya na ya chini upande hasi, na katikati ya kila nguzo hutoka waya mmoja wa kwenda kwenye mota. Transista mbili za nguzo moja zikipitisha umeme kwa wakati mmoja, chanya hukutana na hasi na zote mbili huungua. Kwa hiyo programu lazima izime moja, isubiri kitambo kifupi, pengine sehemu moja ya milioni ya sekunde, ndipo iwashe nyingine.

Ili ijue koili ipi ipewe umeme, programu husoma vihisi vya Hall, vinavyotambua sumaku ikipita, au enkoda, ambayo ni diski yenye alama zinazohesabiwa. Kutokana na vipimo hivyo hufanyika marekebisho ya ngazi tatu: ya ndani husimamia mkondo, ambao ndio huzaa nguvu ya kusokota, ya kati husimamia kasi, na ya nje husimamia mahali. Fundi huanza kurekebisha ya ndani, kwa kuwa ya nje haiwezi kutulia ikiwa ya ndani inatikisika.

Fundi mwangalifu hujaribu kiendeshi kipya kwa volti 24, akiweka balbu mfululizo na chanzo cha umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu kabla mota haijaunganishwa, fundi hutambua kuwa kuna shoti, na balbu huwa imeziokoa transista. Umeme wa volti 220 ukinyooshwa hufikia volti 310 hivi, na kapasita huweza kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo lazima umwagwe kupitia rizista kabla ya mkono kugusa. Rizista nyingine huhitajiwa mota inapofunga breki, kwa sababu hapo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye kapasita.

Shaba huondoka Likasi ikiwa mabamba na kurudi ikiwa koili ndani ya mota. Kinachoongezwa njiani ni maarifa, na sehemu ya maarifa hayo inaweza kujifunzwa papo hapo Likasi, juu ya meza yenye transista sita na balbu moja.