Majirani wa Kerala: Wafuasi wa Krishna na Wakristo wa Mtume Tomaso

Katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, Wavaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu, wameishi mlango kwa mlango na Wakristo kwa karne nyingi. Wakristo wa huko hujiita watu wa Mtume Tomaso, maana wazee wao husimulia kwamba mtume huyo alitua pwani yao mwaka 52. Anayetaka kujua imani hizi zinakutana wapi na zinaachana wapi, aanzie majumbani.

Katikati ya Aprili huja Vishu, mwaka mpya wa Wahindu wa Kerala. Usiku wa kuamkia sikukuu, mama mwenye nyumba hupanga mbele ya sanamu ya Krishna, mshuko mmojawapo wa Vishnu duniani, chombo kipana cha shaba chenye mchele, tango la manjano, nazi iliyopasuliwa, dhahabu, kioo na maua ya manjano ya mti wa konna. Alfajiri huwaamsha watoto, akawaziba macho na kuwaongoza hadi pale, ili wanachokiona kwanza mwaka huo kiwe Mungu na baraka zake. Kisha wakubwa huwapa wadogo sarafu.

Kwa jirani Mkristo, usiku wa Alhamisi Kuu, familia huketi kula mkate wa Pasaka usiotiwa chachu, wa unga wa mchele na choroko nyeusi, wenye msalaba wa kuti lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Baba husali, huukata na kuwagawia kuanzia mkubwa hadi mdogo, pamoja na kinywaji cha tui la nazi na sukari guru.

Yanayofanana hayaishii hapo. Mvaishnava hujinyima nafaka siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo; Mkristo wa huko huacha nyama siku 50 kabla ya Pasaka. Harusini, bwana arusi humfunga bibi arusi kidani shingoni, ila cha Kikristo kina msalaba mdogo. Na wote humwendea Mungu mwenye jina, anayependa na kupendwa, aliyeshuka duniani kwa ajili ya watu. Hata swali la neema limewashughulisha wote. Katika nchi jirani ya Watamil, wafuasi wa mwalimu Ramanuja waligawanyika: je, mja hubebwa na Mungu kama mtoto wa paka abebwavyo na mama yake, au sharti ajishikilie kama mtoto wa nyani? Wakristo nao wamebishana kwa karne nyingi juu ya neema na matendo.

Lakini tofauti ni za msingi. Kwa Mvaishnava, Vishnu hushuka kila haki inapodhoofika, na kwa kawaida huhesabiwa mishuko kumi, ikiwemo ya Rama na Krishna. Kwa Mkristo, Mungu alifanyika mwili mara moja tu, na msalaba hauna wa pili. Mmoja hutumaini kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kufa na kuzaliwa tena. Mwingine hungoja ufufuko baada ya maisha haya ya pekee. Katika hekalu la Guruvayur, Krishna huamshwa saa tisa usiku, huogeshwa, huvishwa na kulishwa, kwa kuwa kwao yumo mwenyewe katika sanamu. Hekalu hilo huingia Wahindu pekee. Mwimbaji maarufu K. J. Yesudas, aliyezaliwa katika familia ya Kikatoliki, amemwimbia Krishna wa Guruvayur nyimbo zinazopendwa mno, lakini hakuruhusiwa kuingia.

Inapofika Onam, sikukuu inayohusu mfalme Mahabali na Vamana, mshuko mmojawapo wa Vishnu, Wakristo wengi nao hutandaza maua uani na kula karamu kwenye jani la mgomba. Hawamwabudu Vamana, na jirani zao hawawadai hilo. Huo ndio ujirani wa kuigwa. Kusema dini zote ni moja ni kumnyima jirani haki ya kusikilizwa, maana kile anachokishika kwa moyo wote ndicho tunachokifuta. Tujifunze imani yake kama yeye mwenyewe anavyoiamini, tuitaje tofauti kwa heshima, kisha tukaribishane mezani.