Laptopu imekataa Windows 11? Usiitupe kwanza

Ujumbe uliotufikisha hapa ulitoka kwa mama mmoja wa Kimamba, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Alivuna ufuta, akauza, akamnunulia kijana wake laptopu ya mtumba Morogoro mjini ili aende nayo chuoni. Sasa kila ikiwashwa inaleta tangazo kwamba muda wa Windows 10 umekwisha. Fundi akamwambia Windows 11 haiingii humo, atafute nyingine. Mama anauliza kama fedha yake ndiyo imepotea.

Hapana, mama. Tuanze na tangazo lenyewe. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa wanaojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama. Laptopu haizimiki kwa sababu hiyo. Itaendelea kuandika barua na kufungua picha, ila tundu jipya likigunduliwa na wezi wa mtandaoni, hakuna wa kuliziba. Windows 11 nayo inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa isiyo ya zamani. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazivuki hapo, na hizo ndizo zinazojaa kwenye maduka ya mtumba. Fundi hakudanganya. Alisimulia nusu ya habari.

Nusu nyingine ni hii: Windows ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamrisha kioo, kibodi, diski na kila kitu ndani ya kompyuta. Si huo peke yake duniani. Upo Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Ni programu huria: leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila kumlipa mtu. Kama unatusoma kwenye simu ya Android, basi kiini cha Linux tayari kiko kiganjani mwako.

Linux inakuja kwa majina mengi. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na kwa aliyezoea Windows ndiyo tunayomshauri aanze nayo, kwa kuwa menyu iko chini kushoto kama alivyozoea. RAM ikiwa GB 4 au pungufu, chukua toleo la Xfce, ni jepesi zaidi. Chini ya GB 2 usijisumbue.

Faili lake lina ukubwa wa karibu GB 3, na tunajua bando linavyouma. Lakini kumbuka ile leseni: mmoja akipakua Mikumi, akaweka kwenye flashi na kumpa dereva wa basi ailete Kilosa, hajamwibia mtu. Tofauti na zile Windows za kuchakachua ambazo wengi wetu tumepigiwa na mafundi, hujui nani kaweka nini ndani.

Unahitaji flashi ya GB 8, na kila kilichomo kitafutika. Kwenye kompyuta yoyote ya Windows, hata ya stesheneri, fungua programu ndogo ya bure iitwayo Rufus, iandike Mint kwenye flashi. Kunakili faili kama unavyonakili wimbo hakutoshi, haitawaka. Kisha chomeka flashi kwenye laptopu, iwashe huku unabonyeza F12 kwa Dell au Lenovo nyingi, F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itafunguka ikitokea kwenye flashi, bila kugusa chochote kwenye diski.

Hapo tulia. Kaa nayo hata siku mbili. Jaribu sauti, Wi-Fi, kamera, printa. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti. Mara nyingi inashika papo hapo na unaweza kupakua kinachokosekana. Hujapenda? Zima, chomoa flashi, Windows yako ipo palepale.

Ukiridhika ndipo ubonyeze alama ya kuweka kwenye diski. Itakuuliza kama ikae pamoja na Windows au ifute diski yote. Soma mara mbili. Hapa studio mmoja wetu alibonyeza kufuta akidhani anafuta Windows tu. Mahojiano ya miezi sita na wazee wa reli yakaenda, na wawili kati yao hatuwezi tena kuwarudia. Nakala ya vyeti, picha na kazi za shule itoke kwanza, ikae kwenye diski nyingine. Na chaji iwe imejaa, maana umeme wetu hautoi taarifa.

Ukishaweka, utakuta LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Yaliyopambwa sana huweza kuvurugika kidogo, kwa hiyo barua ya kazi itume kwa PDF. Ajira Portal, maombi ya mkopo wa HESLB na WhatsApp ya kompyuta hufunguka kwenye kivinjari kama kawaida. Kile kirusi cha stesheneri kinachogeuza mafaili ya flashi kuwa njia za mkato kimeandikwa kwa ajili ya Windows, humu hakina miguu. Matapeli wa nywila, hao wapo kila mfumo.

Visivyokubali pia vipo: Photoshop, Microsoft Office ya kuweka kwenye diski, programu nyingi za hesabu za biashara, na baadhi ya printa. Mwenye duka anayetegemea programu ya aina hiyo tungemwambia aache Windows ikae pembeni.

Lugha isikutishe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Menyu nyingi za Mint bado ni za Kiingereza, lakini si kigumu kuliko kile cha kwenye simu.

Mama wa Kimamba, mwambie kijana aanze na flashi tu, asifute kitu. Aandike kwenye karatasi kinachofanya kazi na kinachogoma, halafu atupigie kwenye kipindi akiwa na laptopu mbele yake.